Maswali ya Wasomaji: Daraja la Kenchi za Chuma, Tozo Yake, na Meli Iliyokosa Umeme

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu madaraja. Hilo halinishangazi, kwa kuwa tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo–Busisi, tarehe 19 Juni 2025, watu wa Mwanza, Sengerema na Geita wamekuwa wakilizungumzia daraja kwa sauti ya mwenye mali. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, na wenye barua fupi wanivumilie.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, mimi ni dereva wa lori, nabeba mchele kutoka Sengerema kuja Mwanza. Kijana wangu alinionesha katika simu daraja la Baltimore, Marekani, likianguka mwaka 2024 baada ya kugongwa na meli. Lilikuwa la chuma, refu, na magari yalilipia kulipita. Meli iligonga nguzo moja, lakini daraja lote likalala majini papo hapo. Inawezekanaje? Na hili la kwetu likigongwa, itakuwaje? (Dereva, Sengerema)

JIBU: Ndugu dereva, tuanze na daraja lenyewe, maana picha ya simu inaonesha jinsi lilivyoanguka tu. Liliitwa Daraja la Francis Scott Key, kwa jina la mwanasheria aliyetunga shairi lililokuja kuwa wimbo wa taifa wa Marekani. Lilibeba barabara kuu namba 695, ambayo ni barabara ya mzunguko ya jiji la Baltimore, kuvuka Mto Patapsco karibu na pale mto huo unapoingia katika Ghuba ya Chesapeake. Lilifunguliwa tarehe 23 Machi 1977. Urefu wake wote ulikuwa kilomita 2.6 hivi, kwa hiyo halikupungukiwa sana na la kwetu la kilomita 3. Sehemu yake ya katikati, ambayo ndiyo iliyolipa jina, ilikuwa na kenchi za chuma zilizoruka mita 366 kutoka nguzo hadi nguzo bila kugusa maji, ili meli za makontena zipate kupita chini yake.

Nimesema kenchi, na ninamaanisha kenchi zilezile anazozijua kila mwenye nyumba ya bati. Fundi wa paa huunga mbao zake kwa pembetatu kwa sababu pembetatu haibadiliki umbo mpaka ubao ukatike au kiungo kiachie, ilhali fremu ya pembe nne huyumba ukiisukuma kwa bega. Daraja la kenchi linafuata kanuni hiyohiyo kwa chuma. Kila kipande kimepewa kazi moja ya kudumu: ama kinavutwa kuelekea ncha zake, ama kinakandamizwa, na mzigo wa gari lako husafiri kutoka kipande hadi kipande mpaka ufike kwenye nguzo na kushuka ardhini. Kwa mpangilio huo, chuma kidogo hubeba uzito ambao boriti nene ya chuma hichohicho isingeubeba kwa umbali ule.

Kenchi za Baltimore, hata hivyo, zilikuwa na mambo mawili ambayo mtu anayetaka kuelewa anguko lile hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba zilikuwa kenchi mfululizo. Hazikukatwa juu ya kila nguzo na kuanza upya. Zilipita moja kwa moja, mita 220 upande huu, 366 katikati na 220 upande ule, zikiwa kitu kimoja. Kila upande ulikuwa ukiusaidia mwenzake kubaki sawa, na ndiyo maana iliwezekana kuvuka umbali mkubwa hivyo bila chuma kingi. La pili ni kwamba daraja lilikuwa na sehemu ambazo, moja ikiondoka, hapakuwa na nyingine ya kuupokea mzigo wake. Wahandisi wa leo wanalikwepa sana jambo hilo, lakini miaka ya 1970 lilikuwa la kawaida, na madaraja mengi ya namna hiyo bado yanabeba magari duniani kila siku bila tatizo.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Kuamkia tarehe 26 Machi 2024, meli iitwayo Dali, yenye bendera ya Singapore na urefu wa mita 300, ilikuwa imetoka bandari ya Baltimore ikielekea Sri Lanka. Ilipolikaribia daraja, umeme wake ulikatika. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilichunguza kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na mnamo Novemba 2025 ikaeleza chanzo chake: ndani ya kabati la swichi za umeme kulikuwa na waya mmoja ambao ncha yake haikuzama sawasawa katika kishikio chake, kwa sababu kilebo cha utambulisho kilichovishwa kwenye waya huo kilikaa mahali pasipofaa na kuizuia. Waya ukalegea, swichi ikajizima, na meli ambayo uzito wake pamoja na shehena ulizidi tani 100,000 ikabaki bila nguvu ya kujiongoza. Tangu taa zilipozimika mara ya kwanza hadi meli ilipogonga nguzo, muda mfupi kabla ya saa saba na nusu usiku, zilipita kama dakika nne. Mwendo wake wakati wa kugonga ulikuwa kilomita 12 hivi kwa saa. Mtu akisikia mwendo huo anauona mdogo, mpaka aukumbuke uzito.

Nguzo iliyogongwa ilikuwa mojawapo ya zile mbili zilizobeba ile mita 366 ya katikati. Ilipoondoka, upande wa katikati na upande wa jirani vilikosa pa kuegemea kwa wakati mmoja, vikashuka. Kwa kuwa kenchi zilikuwa mfululizo, upande wa tatu, ambao nguzo zake hazikuguswa na chochote, nao ulipoteza mwenzake wa kuuweka sawa na ukaanguka baada ya sekunde chache. Ukiitazama tena ile video taratibu utauona ukiinuka kidogo kabla haujaporomoka. Hilo ndilo jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako. Chuma chenyewe hakikuwa kibovu, wala hapana aliyeonesha kwamba kilikuwa kimeliwa na kutu. Daraja lilijengwa kwa namna ambayo nguzo moja ilikuwa na roho ya nguzo zote.

Kuna jambo la watu ambalo sitaki lipite. Rubani wa bandari aliyekuwa melini aliita msaada kwa redio, na polisi waliokuwa kwenye ncha za daraja wakayazuia magari kwa wakati, jambo lililookoa idadi ya wasafiri ambayo hatutaijua kamwe. Lakini juu ya daraja kulikuwa na kikosi cha watu wanane cha zamu ya usiku, kilichokuwa kikiziba mashimo ya barabara, na hicho hakikupewa taarifa. Sita walifariki, wote wakiwa wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador waliokwenda kutafuta riziki. Wachunguzi walisema baadaye kwamba kama mafundi wale wangeambiwa katika dakika ileile polisi walipoambiwa wazuie magari, huenda wangepata muda wa kuondoka. Redio moja ya mkononi kwa msimamizi wao ingetosha. Mimi naliona hili kuwa funzo kubwa kuliko yote ya hesabu za chuma, na ningependa kila mkandarasi anayepeleka vibarua juu ya daraja lolote katika kanda yetu aulizwe: nani anazungumza nao, na kwa chombo gani?

Tena haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 9 Mei 1980, huko Florida, meli iligonga nguzo ya daraja la Sunshine Skyway, nalo la chuma na la kulipia, wakati wa dhoruba; sehemu ya daraja ikaanguka na watu 35 wakafa. Daraja lililojengwa badala yake, lililofunguliwa 1987, lilizungushiwa vizuizi vikubwa majini ili meli iliyopotea njia ikutane navyo kabla ya kuifikia nguzo, na baada ya hapo wahandisi wa Marekani wakaandika mwongozo wa namna ya kupima hatari ya meli kwa daraja. Lile la Baltimore lilikuwa limekwisha kujengwa miaka mitatu kabla ya ajali ya Florida, lilikuwa na vizuizi vichache na vidogo, na meli zilizopita chini yake ziliendelea kukua mwaka hadi mwaka. Machi 2025 wachunguzi walitangaza kwamba hatari ya daraja lile kugongwa na kuanguka ilikuwa karibu mara 30 ya kiwango kinachokubalika kwa daraja muhimu, na kwamba hesabu hiyo ingeweza kufanywa zamani kama mtu angeifanya. Wakataja madaraja mengine 68 ambayo wamiliki wake waliambiwa wayapime.

Na la kwetu? Usilinganishe Ghuba ya Mwanza na bandari ya Baltimore. Meli zetu kubwa hutoka Mwanza mjini na kuelekea kaskazini, kwenda Bukoba, Kemondo au Port Bell, ilhali Kigongo na Busisi ziko kusini mwa mji, ndani zaidi ya ghuba, kwa hiyo njia yao ya kawaida haipiti chini ya daraja. Hata meli mpya ya MV Mwanza, ile iliyojulikana kwanza kwa jina la Hapa Kazi Tu, ambayo watu wengi wanaiona kuwa jitu, ina urefu wa mita 92.6 na imeundwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Dali ilikuwa na urefu zaidi ya mara tatu ya huo, na uzito ambao ziwa letu halijawahi kuuona katika chombo kimoja. Vinavyopita pale kwa kawaida ni mitumbwi, boti za uvuvi na vyombo vya kazi. Lakini chombo kidogo kikigonga nguzo hufa chenyewe pamoja na waliomo, kwa hiyo taa za usiku kwenye njia ya vyombo na nidhamu ya manahodha ni mambo ya kudaiwa kila siku, hata kama nguzo haitatikisika.

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma kidato cha tano hapa Mwanza. Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kwamba kenchi hubeba mzigo mkubwa kwa malighafi kidogo. Mbona basi Kigongo–Busisi hawakutumia kenchi za chuma, wakamwaga zege lote lile? (Mwanafunzi, Nyamagana)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, ila amekupa nusu ya hesabu, na ninadhani alikusudia uitafute nusu nyingine mwenyewe.

Kenchi hupunguza uzito wa chuma na kuongeza idadi ya viungo. Zamani, chuma kilipokuwa ghali na mikono ya watu rahisi, biashara hiyo ilikuwa na faida. Mfano uko kwenye ziwa letu hilihili: daraja la reli la Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani, lilijengwa kwa chuma kilichoungwa vipande vipande na likakamilika 1931, mwaka ambao treni ilifika Kampala. Barabara ilipohitaji daraja lake jipya katika mji huohuo, lile lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, wahandisi hawakurudia kenchi. Walijenga daraja la zege lenye urefu wa mita 525 linaloshikiliwa na nyaya. Kati ya miaka hiyo miwili bei ya kazi ilipanda na zege likaboreshwa sana, hasa baada ya mafundi kujua kulikaza kwa nyaya za chuma zinazovutwa kwa nguvu nyingi ndani yake, ili lisipasuke upande wa chini linapopinda.

Kiungo cha kenchi ukikitazama kwa karibu utaelewa kwa nini mhandisi anakiogopa. Vipande vitano au sita vya chuma hukutana mahali pamoja, na kinachovishika ni mabamba mawili ya chuma, moja kila upande, yaliyotobolewa matundu kwa makumi na kukazwa kwa boliti au ribiti. Mabamba yale hayapendezi machoni wala hakuna anayeyapiga picha. Ndani ya kiungo kuna pembe ambazo vumbi hukaa, kinyesi cha ndege hukaa, maji ya mvua hukaa, na rangi haifiki vizuri. Kutu huanzia hapo. Mkaguzi mzuri hupanda na tochi na nyundo ndogo, akagonga ribiti moja baada ya nyingine, kwa kuwa iliyokaza hutoa mlio mkali na iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Sasa zidisha kazi hiyo kwa mamia ya viungo, kila baada ya muda, kwa miaka mia.

Na bamba likikosewa, halisamehe. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la kenchi la barabara kuu namba 35W katika jiji la Minneapolis liliporomoka katika Mto Mississippi jioni, likiwa na msongamano wa magari, na watu 13 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba mabamba ya baadhi ya viungo yalichorwa na unene wa nusu inchi mahali palipohitaji inchi nzima. Kosa hilo lilikaa kwenye michoro na kwenye daraja kwa miaka 40, likivumiliwa, mpaka siku ambayo vifaa na kokoto za matengenezo vilirundikwa juu ya barabara karibu na mahali pale.

Kwa Kigongo–Busisi kuna pia sababu ya kawaida kabisa. Kokoto na mchanga vya kutengenezea zege vinapatikana nchini, na wewe unayeishi katika mji wa mawe hunihitaji nikueleze habari za kokoto. Chuma cha kenchi ndefu namna ile kingelazimika kuagizwa kwa meli kutoka mbali. Daraja lile lina upana wa mita 28.45, na sehemu yake ya katikati ina minara mifupi yenye nyaya zinazoisaidia sakafu ya zege kuvuka njia ya vyombo. Kwa hiyo chuma kimo kwa wingi, ila kimefichwa ndani ya zege au kimesokotwa kuwa nyaya.

Usidhani lakini kwamba kenchi imekufa. Mafuriko yakizoa daraja, kinachofika kwanza ni kenchi. Muingereza Donald Bailey alibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili fremu za chuma zenye urefu wa futi 10 ambazo watu sita wanaweza kuziinua kwa mikono na kuziunga kwa pini, na madaraja ya ukoo huo ndiyo bado yanayowekwa kwa dharura hapa Tanzania ili malori yapite wakati la kudumu linajengwa.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge, naishi Buzuruga na duka langu la pili liko Dar es Salaam. Nikivuka Daraja la Kigamboni nalipa, na kumbe hata Wamarekani wanalipa. Kodi tunalipa, petroli tunalipia. Kwa nini daraja nalo lilipiwe? Na likianguka kama hilo la Baltimore, hasara ni ya nani? (Mama wa vitenge, Mwanza)

JIBU: Mama yangu, kabla ya kulalamikia tozo kumbuka kwamba kwenye vivuko vya ziwa hili tumelipa nauli tangu zamani na hatukuiita tozo. Tulilipa kuvushwa, tena baada ya foleni. Kinachobadilika kwenye daraja ni kwamba huyaoni mafuta yanayochomwa wala nahodha anayelipwa mshahara, ndiyo maana fedha inauma zaidi.

Tozo ya daraja huanza kwenye mkopo. Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa fedha za NSSF kwa asilimia 60 na za Serikali kwa asilimia 40. Fedha za NSSF ni akiba ya wanachama, watu walioajiriwa ambao siku moja watadai mafao yao, kwa hiyo ilibidi zirudi, na njia iliyochaguliwa ni kuwatoza wanaovuka. Viwango vikapunguzwa 2022 baada ya wananchi kulalamika kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu malalamiko yale yalikuwa ya haki, kwa sababu mkazi wa Kigamboni anayevuka kwenda kazini hana chaguo kama alilonalo msafiri wa mara moja.

Baltimore mambo yalikwenda kwa mtindo unaofanana. Mpango wa kwanza haukuwa daraja. Walitaka njia ya chini ya maji. Zabuni zilipofunguliwa mwaka 1970 bei zikawa juu mno kuliko makadirio, wakageukia daraja, ambalo liliwapa njia nne za magari na ruhusa ya kupitisha malori yenye mizigo ya hatari, kama vile mafuta, yasiyoruhusiwa kuingia katika njia za chini ya maji za jiji lile. Fedha ilikopwa kwa hati fungani na ikalipwa kwa tozo. Mamlaka ya usafirishaji ya jimbo la Maryland inayosimamia madaraja na njia hizo haiendeshwi kwa kodi. Inajiendesha kwa tozo za maeneo yake yote zikiwekwa katika mfuko mmoja, ndiyo maana mtu aliendelea kulipia daraja ambalo deni lake la kwanza lilikuwa la zamani. Rangi, ukaguzi, taa na kuziba mashimo vilitoka humo. Mimi siipingi tozo ya namna hiyo maadamu hesabu za mfuko zinatangazwa na kila mtu anaweza kuona ni kiasi gani kilikwenda kwenye nyundo na rangi. Ninachokipinga ni tozo isiyo na mwisho wala maelezo.

Kuhusu hasara, jibu ni kwamba iligawanywa na bado inagombewa. Kampuni ya bima ya daraja ililipa jimbo dola milioni 350. Wenye meli walikwenda mahakamani kuomba fidia watakayodaiwa isizidi dola milioni 44 hivi, kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1851. Oktoba 2024 wakakubali kuilipa serikali kuu karibu dola milioni 102 za gharama za kusafisha mto na za uokoaji. Mwisho wa mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha kwamba serikali kuu itabeba gharama yote ya ujenzi mpya, kisha fedha zitakazopatikana kwa kuwadai wengine zirudi kwake. Daraja jipya litakuwa la nyaya, na nguzo zake kuu zitakuwa mbali zaidi na njia ya meli. Makadirio yaliyotolewa Novemba 2025 ni kati ya dola bilioni 4.3 na 5.2, na mwaka wa kulikamilisha umesogezwa kutoka 2028 hadi 2030. Wakati huu wote malori ya mafuta yanazunguka jiji kwa upande wa pili, na mzunguko huo unaingia katika bei ya bidhaa kama vile foleni ya Kigongo ilivyokuwa ikiingia katika bei ya mchele na samaki.

SWALI: Mimi ni utingo. Kwa nini madaraja mengine ya chuma yamewekewa bango la kimo, ilhali mengine hayana? (Utingo wa lori, Magu)

JIBU: Inategemea kenchi ziko wapi. Zikiwa chini ya barabara, juu yako ni anga tupu na kimo hakikuhusu. Zikiwa pande mbili za barabara na zimeungwa kwa vyuma vinavyopita juu ya kichwa chako, vyuma vile ni sehemu ya daraja, na ukikigonga kimoja umegonga daraja zima. Tarehe 23 Mei 2013 lori lililobeba mzigo mrefu kwenda juu lilipita kwenye daraja la Mto Skagit, katika jimbo la Washington nchini Marekani, daraja la mwaka 1955. Mzigo uligonga vyuma vya juu kimoja baada ya kingine, lori likavuka salama, na nyuma yake kipande cha daraja kikaanguka mtoni pamoja na magari mawili. Watu watatu walitolewa majini wakiwa hai.

Vyuma vya juu vya daraja lile vilikuwa vimepinda kama upinde, juu katikati na chini pembeni, na lori lilikuwa njia ya pembeni. Kwenye njia ya ndani lingepita bila kugusa. Kwa hiyo pimeni kimo baada ya mzigo kufungwa turubai, si kabla. Pimeni pale palipoinuka kuliko pote. Na mkikuta daraja la namna hiyo lenye kimo cha wasiwasi, mwambie dereva asimame, ushuke, uhakikishe magari ya mbele yamezuiwa, ndipo mpite katikati.